Jiwe la Kusemea

Darasani kwetu mwenye jiwe ndiye anayesema. Wengine wote, hata mwalimu, kimya. Tulikuwa tumekaa duara mkekani pale baba wa mwenzetu alipoupiga mlango teke.

"Yuko wapi yule mwehu wenu? Kamuumiza binti yangu mgongo! Watoto wa namna hiyo wana shule zao!"

Akamkwida Nyuki, tunayemwita hivyo kwa sababu hasemi, huvuma tu. Mwalimu akajitosa katikati. Yule baba akalinyakua jiwe, akamtandika mwalimu nalo kwenye paji la uso. Damu ikaruka hadi mkekani.

Jiwe likamponyoka. Nyuki akaliokota, akalifuta kwa gauni lake, taratibu, kila upande. Sote tukanyamaza, kwa mazoea tu. Akaenda kuliweka mapajani mwa mwenzetu, binti wa yule baba.

"We, thubutu!" baba akafoka.

"Huna jiwe, mzee," nikamjibu.

Binti akasimama na jiwe, akatugeuzia mgongo, akapandisha blauzi.

"Nyuki hajanigusa hata siku moja."

Mgongoni palikuwa na alama nne za mraba, zimevilia damu. Tukageuka, darasa zima, kukitazama chuma cha mkanda wa baba yake.