Bolti Iliyozidi

Gari la Mjomba Mbaruku liliguna, kitu kikaanguka na kuburuzika chini, kisha likagoma kabisa, na bwana harusi yumo ndani. Baba wa binti alikuwa ameshaapa: sala ya adhuhuri ikiisha kijana hajafika, hakuna ndoa.

"Nani alilifungua gari hili juzi?" Mbaruku alifoka, ingawa jibu lilikuwa limeketi kando yake, limevaa kanzu na kilemba.

"Mimi, Mjomba," alisema Chande.

"Na ile bolti uliyonirudishia, ukasema imezidi?"

"Lakini si lilikuwa linakwenda?"

"Hata kuku aliyechinjwa hukimbia kidogo, mwanangu!"

Chande alivua kilemba, akaitazama kanzu yake nyeupe mara ya mwisho, akajisukuma chini ya gari.

Mbaruku alitia mkono mfukoni. Bolti ilikuwamo. Alikuwa ameibeba makusudi, amuumbue fundi huyu mbele ya wakwe zake.

Kule mbele, watu wa kwanza walikuwa wakitoka kwenye msikiti wa njiani, wakitafuta viatu vyao.

Chini ya gari ulichomoza mkono mmoja wenye hina kidoleni na grisi mpaka kwenye kiwiko, kiganja wazi, kikisubiri.