Sauti ya Kiangi

Mjini kwao, marehemu waliendelea kuongea na jamaa zao kupitia swichi ya mtandao, kisanduku kilekile kilichoifungulia nyumba maji. Asubuhi ile swichi ya Namkunda, mjane wa Kiangi, ilikuwa ikijiwasha na kujizima bila kumaliza kuwaka, na maji yalikuwa yamekatika.

“Nikiweka programu upya itapona, mama,” alisema fundi Sifueli, “ila kumbukumbu za mzee Kiangi zitafutika.”

Namkunda alimtazama mama mkwe wake, aliyelala hoi akiomba maji. “Weka, baba.”

Taa ikatulia, bomba likakoroma, maji yakatoka. Kisha sauti ya mumewe, ileile, ikauliza kwa adabu: “Samahani, naongea na nani?”

Mama mkwe akainua kichwa. “Mwanangu anasemaje?”

“Anakusalimia, mama,” Namkunda akajibu, akimpelekea kikombe cha maji.