Mlango wa Mkwe

Mwanabaraka alitoka mbio, sufuria ameiacha motoni, kanga ya pili anajitanda njiani. Mumewe, Mwishehe, alikuwa ametangulia Mtoni kwa mkwewe Salumu, na hakuondoka na uso wa amani.

Jana yake binti yao Tunu alikimbilia kwao Temeke, jicho limevimba, mdomo umepasuka. Asubuhi mshenga akaja kumchukua, naye akarudi kwa mumewe. Muda wote Mwishehe hakutia neno. Aliposwali adhuhuri tu, akachukua fimbo.

"Leo nayamaliza," alimwambia mkewe. "Mtoto nimemzaa mwenyewe."

Tusifiche, kwanza Mwanabaraka alifurahi. Hatimaye baba wa mtoto ameingiwa na uchungu. Kisha hofu ikamkaba, maana mkono wa Mwishehe ni mzito, na nani aujuaye kuliko yeye? Akimuua Salumu, Mwingereza atamnyonga. Ndipo alipokimbia, akakata njia katikati ya mikorosho, akiomba Mungu amuwahi mumewe kabla damu haijamwagika.

Alipofika uani kwa Salumu alisikia fimbo ikilia chumbani, na sauti ya Tunu. Basi Mwishehe hajafika, alijiambia. Pengine amepitia kwa jumbe kwanza, na huku mtoto anauawa.

Jirani mmoja alikuwa akipepeta mchele kibarazani. Hakuinua kichwa.

"Usiingie, bibi," alisema. "Mambo yao wameshayashika wenyewe."

Na kuingia ataingiaje? Mzaramo na mkwewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mwenzake apite. Tangu siku ya harusi Mwanabaraka hajauona uso wa Salumu sawasawa, sembuse kukanyaga chumba anacholala. Mwanamke aliyewahi kufanya hivyo huko Temeke, watu walimsema mpaka akahama.

Alipiga hodi. Akakohoa. Akaita tena kwa nguvu, ili mkwe apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyeitika, na fimbo haikusita. Mkono wake ulikuwa mlangoni, naye akajichukia kwa kusimama pale kama mgeni huku damu yake inalia.

Kisha sauti ya Tunu ikaanza kufifia.

Potelea mbali, alisema moyoni. Akajifunika kanga usoni, akausukuma mlango.

Salumu alikuwa ameketi kitandani, mikono mitupu. Alipomwona mama mkwe akainama upesi, akageukia ukutani kwa adabu.

Aliyesimama juu ya Tunu alikuwa Mwishehe, jasho linamchuruzika.

"Haya, mwanangu," alisema, akiinua tena fimbo. "Mwambie mumeo asikie. Utakimbilia kwetu tena?"