Picha ya Ishirini na Nne

Samaki wa kwanza alimchapa Nadhira kofi la mkia, maji yakaruka hadi kwenye mtandio wake mweupe wa eda.

"Na wewe unanionea?" akamwambia, kisha akamgeuza chali. Samaki akatulia. Ndivyo walivyo hawa: ukishawalaza chali hawapigani tena. Siku ya hamsini na tatu tangu afiwe na mume, Nadhira aliwaelewa sana.

Wenyewe huko kwenye baridi huwaita sturjeni. Kaole waliwaita sharubu, kwa zile ndevu nne chini ya pua. Marehemu mumewe, Twalib, aliachiwa vifaranga na mwekezaji mmoja aliyekimbizwa na joto la pwani. Akawajengea matangi uani, akawafungia mashine ya kupoza maji, akangoja. Jike wa samaki huyu hana haraka. Hupita miaka saba, hata minane, ndipo tumbo lake lijae yale mayai meusi ambayo matajiri huyala kwa kijiko cha kitoto. Twalib alingoja minane. Presha haikumngoja yeye hata avune mara moja.

"Shemeji!" Sauti ya Mikidadi, kaka wa marehemu, ilitoka nje ya lango. Adabu ilimzuia kuingia, tamaa ikamzuia kuondoka. "Umeanza?"

"Nimeanza."

"Kila samaki na picha yake! Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Kwa nje sharubu jike na dume ni sawa. Tofauti iko tumboni. Ndiyo maana Mikidadi alikuwa amekodi mashine ya daktari wa mifugo, ile yenye kioo na kipimo cha kupitisha juu ya ngozi, inayotoa picha kwenye karatasi. Na aliyejua kuitumia, baada ya Twalib, alikuwa Nadhira peke yake.

Ijumaa, baada ya sala, Sheikh Abdulnasir angekuja kugawa mirathi. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Twalib hakuacha mzazi wala mtoto: mke robo, kinachobaki cha kaka. Mikidadi alishasema kinachobaki atakifanya nini. Majike watapasuliwa, madume wataliwa, matangi yatafukiwa, nyumba itauzwa. Nadhira achukue robo yake arudi Zinga, akalale chumba kimoja na watoto wa ndugu yake.

Angekwenda kumlalamikia nani? Eda ilikuwa imemweka ndani. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, na hakuruhusiwa kuuvuka. Miaka minane ya kuamka usiku wa baridi na wa joto kupima maji, leo mtu aliyekuwa akiziba pua akipita pale anataka kuifukia kwa lori mbili za mchanga.

"Sema wote madume," alinong'ona Bi Mize, shangazi yake, aliyekuja kukaa naye eda. "Madume hawana bei. Atachoka mwenyewe."

"Picha zitasema, shangazi. Ataenda kuzisomesha Dar."

"Haya, basi kula. Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni, na muhogo unapoa."

"Harufu ya samaki imenishinda."

"Miaka minane haikukushinda, ikushinde leo?"

Nadhira akaisogeza sahani pembeni. Majonzi hufunga matumbo ya watu.

Samaki walikuwa ishirini na watatu. Tisa kati yao kioo kilionyesha punje tele, mayai yaliyokomaa. Kufikia alasiri kazi ilikwisha. Nadhira akamwomba Bi Mize amchemshie maji ya kuoga, yeye akaingia chumbani kuisafisha mashine, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na Bi Mize akadhani anawalilia samaki.

Ijumaa Mikidadi alikuwa wa kwanza kufika barazani, kanzu imenyooka. Sheikh Abdulnasir akaketi na karatasi zake za mirathi. Nadhira alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Bi Mize akatoa bahasha.

Mikidadi akalowesha kidole, akaanza kufunua picha moja moja.

"Tisa wana mayai! Sheikh, tisa!" Kisha akakunja uso, akazihesabu upya. "Mbona picha ishirini na nne? Shemeji, kuna mmoja umempima mara mbili."

"Hakuna niliyempima mara mbili," sauti ikajibu nyuma ya pazia.

"Basi huyu wa mwisho ni samaki gani? Hana yai hata moja. Ana kidude kimoja tu, kama korosho. Mgonjwa huyu?"

Sheikh Abdulnasir, baba wa watoto kumi na mmoja, aliipokea ile picha. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Akavua miwani. Kisha akazikunja karatasi za mirathi mara mbili na kuzirudisha mfukoni.

"Bi Nadhira," alisema taratibu, "leo hii utaletewa mkunga. Na eda yako, mwanangu, imerefuka."

"Najua, sheikh. Nitakaa."

"Imerefuka vipi?" Mikidadi aliuliza, akimtazama sheikh, kisha pazia. "Na mgawo je?"

Sheikh akamrudishia ile picha.

"Shemeji," Nadhira akasema, "mashine ya kupoza maji jana ilikuwa inakoroma. Tafadhali mtafute fundi mapema. Mwenye samaki bado hajazaliwa."