Kiatu Mlangoni

"Funga mlango, binti, tuzungumze kwa siri," alisema mshauri wa wanafunzi.

Mwanahawa hakufunga. Siri alikuwa ameshaichoka. Alivua kiatu kimoja, akakisukumiza chini ya mlango ili ubaki wazi, kisha akaketi. Koridoni, wanafunzi wengine walikuwa kwenye foleni.

"Dokta Mgaya naye aliniambia nifunge mlango," alisema kwa sauti. "Nilipokataa anishike, akanifelisha somo lake."

"Punguza sauti, mwanangu. Watu wanasikia."

"Ndiyo, mama. Nataka wasikie."

Mama yule alikitazama kile kiatu, akashusha pumzi, akachukua kalamu. "Haya. Anza mwanzo."

Mwanahawa akaeleza yote, hata yale ya aibu. Huko koridoni foleni ikasogea karibu na mlango.

Alipomaliza, aliinama kukichomoa kiatu chake. Msichana wa kwanza kwenye foleni akamshika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kiache hapohapo, dada," alisema akiingia. "Na mimi nitakihitaji."

Mwanahawa akavua na cha pili, akashuka ngazi peku.