Matanga ya Vito wa Ubelgiji

Jiko la Oronzo lilikuwa baridi toka asubuhi, na bado hakuwahi kula vizuri namna ile tangu mkewe Agata alipomtangulia.

Ndivyo watu wa mji wa Gallipoli wanavyofanya. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Mtaa hupika, hubeba, na aliyebeba hukaa akala na mfiwa. Tangazo lenye mpaka mweusi lilibandikwa ukutani Jumatatu: Vito, ndugu wa Oronzo kwa baba, amefia Ubelgiji, amezikwa hukohuko. Kufika mchana viti havikutosha.

Uccio muuza samaki aliingia na chungu cha pweza.

"Kula, mzee. Huyu nimempiga mwambani mwenyewe mpaka kaungama dhambi zake zote."

Cosimina, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, alileta vidagaa vya kukaanga vilivyolazwa kwenye siki na chenga za mkate, vya njano kwa zafarani. Uccio alionja, akafumba jicho moja.

"Dada Cosimina, siki hii ungeoshea madirisha."

"Nilitaka kukuoshea wewe, nikaona haitoshi."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wako msibani, wakaziba midomo. Oronzo alitamani wasizibe. Alikaa na koti lake jeusi, akinyonya kichwa cha kamba mbichi wa zambarau, huku akiwatazama mmoja mmoja kama mtu anayeogopa kuamshwa. Meza hiyohiyo, miaka mitatu, alikuwa akila na redio. Alizoea kuandaa sahani mbili, ya pili ili ya kwanza isionekane peke yake.

Juu ya kabati, nyuma ya mshumaa, Vito alitabasamu ndani ya fremu: kijana, nywele zimelazwa kwa mafuta, meno meupe kama sabuni.

"Hamfanani hata chembe," alisema Cosimina.

"Alimfuata mama yake."

"Na hapo ana umri gani?"

"Hiyo ya zamani," alisema Oronzo, akashika uma upesi.

"Ya zamani na rangi zote hizo?" Uccio alishangaa. "Ubelgiji wametuacha mbali."

Cosimina aliisogelea picha, akakunja macho. "Mbona kama sura hii nimeiona mahali?"

"Vijana wazuri wote wanafanana, Cosimina. Kaa ule."

Aliyesema hivyo alikuwa Donata, mjane wa nyumba ya pili, amesimama mlangoni na sinia la udongo mikononi: wali, viazi na kome, tabaka juu ya tabaka, limetoka tanurini sasa hivi. Aliitazama picha kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Maskini," alisema mwishowe. "Alikuwa na meno mazuri."

Akaketi kando ya Oronzo, akampakulia, akamkwangulia na ukoko wa pembeni, ule ambao kwa kawaida watu huugombania. Hakumuuliza swali hata moja.

Wema huo ulimchoma Oronzo. Machi, Donata alipofiwa na binamu yake wa Torino, nyumba yake ilifurika vivyo hivyo. Oronzo alipeleka samaki, akamkabidhi mtu mlangoni, akageuza. Jioni nzima alikaa kwake, sikio ukutani, akisikiliza vijiko na vicheko vya wenzake. Ukuta wao ni mmoja.

"Machi sikuingia kwako," alinong'ona.

"Najua. Samaki wako waliingia peke yao."

"Walikuwa wazuri?"

"Chumvi nyingi. Nikasema, huyu bwana amewalilia."

Oronzo alicheka mpaka pweza akampalia. Uccio akampiga mgongoni, akisema majonzi yana njia nyingi za kutoka.

Siku tatu, kisha basi. Watu walianza kurudi kufuata vyombo vyao, maana mfiwa harudishi chungu cha matanga. Kukipeleka nyumbani kwa mtu ni kumpelekea na msiba. Walisimama mlangoni, funguo mkononi. "Haya mzee, jikaze." Uccio alichukua chungu. Cosimina alichukua bakuli, akatupa jicho tena kabatini, akaenda zake.

Likabaki sinia la Donata.

Oronzo aliliosha, akaliweka katikati ya meza, akanyoa ndevu. Lazima aje, sinia ni lake. Kila hatua ya kichochoroni ilimwinua kitini. Siku ile ikapita. Ya pili ikapita. Akawasha redio, akaandaa sahani mbili, akazitazama weee, mpaka chakula kikapoa.

Mwisho alizima redio, akalikwapua sinia, akatoka. Msiba na ufuate ukipenda.

Mlango wa Donata ulikuwa wazi.

"Pita!" sauti ilitoka jikoni. "Nilidhani utakaa nalo mpaka Krismasi, we mzee. Mtu anaacha sinia makusudi, na bado hataki kuelewa!"

Harufu ya kome na kitunguu ilijaa chumbani. Mezani palikuwa na sahani mbili. Oronzo alitafuta pa kuliweka sinia, akalisukuma juu ya kabati, likagonga kishina cha mshumaa uliokwisha zamani. Nyuma ya mshumaa palikuwa na fremu. Binamu wa Torino: kijana, nywele zimelazwa kwa mafuta, meno meupe kama sabuni. Pembeni mwa kioo ilibaki karatasi ndogo ya bei ya duka la fremu, kama ile ambayo Oronzo aliibandua kwa kucha kwenye ya kwake Jumapili, kabla Vito hajafa.

Donata alitoka na mkate, akauweka mezani.

"Kwangu alikuwa Rocco," alisema. "Kaa, chakula kinapoa."