Dau la Vyombo

"Itaje basi hiyo namba," alisema Bi Nukta, kidole kikielea juu ya kitufe.

Jina hilo walimbandika kwa vile hushinda akiigawa nafasi iwe wavu wa nukta ndani ya kompyuta, akokotoe ukubwa wa protoni, ile punje ya kwenye kiini cha kila atomu. Maabara mbili zilishaipima na hazielewani. Moja ni ya mumewe. Nyumbani waliwekeana dau, mume kwa kipimo chake, yeye kwa kile kingine: atakayeshindwa ataosha vyombo mwaka mzima. Ndiyo maana mwenzake wa kazini aliyazidisha majibu yote kwa namba ya siri, asije akajipendelea au akampendelea mume bila kujijua.

"Hesabu umezifunga? Hugusi tena?" aliuliza mwenzake.

"Nimefunga. Usinitese."

Mwenzake akaitaja. Bi Nukta akagawanya, ukucha uliotafunwa ukigonga meza. Kwenye mchoro palikuwa na mistari miwili, wa buluu wa maabara ile nyingine na mwekundu wa mumewe. Nukta nyeusi ya jibu lake ikachomoza, ikatua katikati ya ule wa buluu kama imefika kwao.

Mwenzake akashika kichwa. "Maskini shemeji."

Bi Nukta alishapiga simu.

"Baba Watoto, uko jikoni?"

Akasikia bomba la maji likifunguliwa.